Vijana wa Bormio

Mitupo 12, vikapu 11. Hizo ndizo takwimu za Toni Kukoč kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, siku Yugoslavia ilipokutana na Marekani kwenye ubingwa wa dunia wa vijana, katika mji wa Bormio, Italia, mwaka 1987. Alikuwa na miaka 18. Alimaliza mchezo na pointi 37, na Yugoslavia ikashinda 110 kwa 95.

Nilizisikia takwimu hizo nikiwa kidato cha tatu, na kwa muda mrefu sikuziamini. Uwanja wetu wa shule ulikuwa wa saruji, ringi hazina nyavu. Mazoezini, bila mtu wa kukukaba, ukitia vikapu 5 kati ya 12 kutoka mbali ulinunuliwa soda. Kwa hiyo nilimchukua Kukoč kama wengine wanavyochukua mashujaa wa hadithi. Nilidhani habari ya Bormio imeishia kwenye ile 11 kati ya 12.

Nilipokua nikaanza kusoma habari za wale waliocheza naye. Hapo ndipo historia ilipoanza kunisumbua.

Bormio ni mji mdogo wa milimani, kaskazini mwa Italia, unaojulikana zaidi kwa michezo ya theluji. Marekani ilipeleka vijana ambao baadaye ulimwengu uliwajua vizuri: Gary Payton, Larry Johnson, Stacey Augmon. Yugoslavia, chini ya kocha Svetislav Pešić, ilikuwa na kikosi cha aina yake. Vlade Divac, mwenye miaka 19, alicheza chini ya ringi na kimo chake cha zaidi ya mita mbili, lakini alitoa pasi kama mlinzi mdogo. Dino Rađja alikuwa mzito kumhamisha akishachagua mahali pake. Aleksandar Đorđević aliongoza mashambulizi. Na Kukoč, mrefu naye, mwenye kutumia mkono wa kushoto, alipiga kutoka mbali wakati ambapo mstari wa pointi tatu ulikuwa na miaka mitatu tu katika mashindano ya kimataifa. Timu hizo mbili zilikutana tena fainali. Yugoslavia ikashinda tena, 86 kwa 76.

Kukoč na Rađja walizaliwa Split, mji wa bandari kwenye pwani ya Adriatiki. Ni Wakroati. Divac alizaliwa Prijepolje, mji mdogo wa Serbia, na Đorđević alizaliwa Belgrade. Ni Waserbia. Kwenye karatasi ya matokeo mambo hayo hayakuwa na nafasi. Iliandikwa Yugoslavia, basi.

Kaulimbiu ya nchi hiyo ilikuwa "Undugu na Umoja". Mtanzania hawezi kuisoma bila kusikia sauti za nyumbani. Baba yangu mpaka leo humwita mwenzake wa zamani wa kazini "Ndugu", na si kwa utani. Mwaka 1970 Rais Tito wa Yugoslavia alikuja Tanzania, na nchi zetu zote mbili zilikuwa katika harakati za nchi zisizofungamana na upande wowote. Neno hilo lilikuwa halina mpaka.

Baada ya Bormio vijana wale walipanda haraka. Mwaka 1988, Kukoč, Divac na Rađja walikuwamo katika timu iliyopata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Seoul. Mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa Ulaya. Mwaka 1990, Buenos Aires, Yugoslavia ikawa bingwa wa dunia. Watu walipoingia uwanjani kusherehekea, shabiki mmoja alikuwa na bendera ya Kroatia. Divac akamnyang'anya. Amesema tangu wakati huo kwamba hata ingekuwa bendera ya Serbia angefanya vilevile, kwa kuwa ushindi ulikuwa wa Yugoslavia. Wakroati wengi hawakulielewa hivyo.

Juni 1991, Roma, walikuwa katikati ya mashindano ya Ulaya Slovenia ilipotangaza uhuru wake. Jure Zdovc, Mslovenia, akaiacha timu kabla ya nusu fainali. Waliobaki, wakiwemo wote wanne wa Bormio, wakatwaa dhahabu. Ilikuwa mara ya mwisho kwao kuvaa jezi moja. Vita ikaanza. Kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, Kukoč na Rađja walipata medali ya fedha wakiwa na Kroatia. Divac na Đorđević hawakuwapo, kwa sababu timu yao ilizuiwa na vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1995, Athens, Yugoslavia iliyosalia ikachukua dhahabu ya Ulaya na Kroatia shaba. Kabla wimbo wa taifa wa washindi haujapigwa, Wakroati wakashuka jukwaani na kuondoka.

Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu Bormio.

Ni rahisi kusema kwamba ule undugu ulikuwa maneno ya serikali tu. Ni rahisi vilevile kusema kwamba ulikuwa safi mpaka wanasiasa walipouharibu. Siridhiki na jibu lolote kati ya hayo. Aliyewahi kucheza kikapu anajua kwamba mpigaji wa mbali hupigi peke yako: kuna aliyemvuta mlinzi, kuna aliyekukinga, kuna aliyekuletea mpira ukiwa umeshaweka miguu sawa. Huwezi kujifanya unatoa pasi. Kwa hiyo naamini undugu wa Bormio ulikuwa wa kweli. Ila ulikuwa haujaulizwa swali gumu. Mwaka 1987 hakuna aliyewaambia vijana wale wachague kati ya mwenzao na watu wa kwao. Mwaka 1991 waliambiwa.

Timu yetu ya shule ilikuwa na vijana kutoka mikoa saba, na hatukuwahi kuulizana makabila. Kwa miaka mingi nimesimulia jambo hilo kwa majivuno, kana kwamba ni sifa yetu binafsi. Tuna kundi la simu sisi wachezaji wa zamani. Karibu na uchaguzi mmoja, mwenzetu aliandika mzaha kuhusu watu wa kabila la mwingine, na kuhusu nani anafaa kutawala nani. Si wengi waliocheka. Lakini hakuna aliyemjibu, hata mimi. Usiku huo aliyetaniwa akajitoa kwenye kundi. Alikuwa ndiye mgawa mipira wetu. Vikapu vyangu vingi vilitoka mikononi mwake.

Rađja aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu, Springfield, Marekani, mwaka 2018. Divac akafuata mwaka 2019, Kukoč mwaka 2021. Watatu wa timu moja ya vijana, na nchi waliyoichezea haipo tena. Nilipoona majina yao pamoja sikuwaza tena vikapu 11. Niliwaza siku za katikati, kabla ya bunduki, ambapo simu moja ya mtu kwa mwenzake ingekuwa bado ni jambo jepesi.

Nimempigia yule mgawa mipira wiki hii. Miaka miwili ilikuwa imepita. Aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, nimekumbuka tu pasi zake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona siku ile hukukumbuka?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba radhi, na hatukukata simu.