Ukoo wa G: Saratani ya Kurithi na Mabadiliko ya Jikoni

Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan nchini Marekani, Dk. Aldred Warthin alimkuta mshonaji mmoja amezama katika majonzi. Alipomuuliza kulikoni, mwanamke huyo alimweleza kwamba hatarajii kuishi sana, kwa kuwa kwao karibu kila mtu huuawa na saratani ya tumbo, ya utumbo au ya mfuko wa uzazi.

Warthin hakumpuuza. Mshonaji mwenyewe alimsaidia kukusanya habari za ndugu zake: nani kafa, lini, kwa maradhi gani. Mwaka 1913 daktari alichapisha taarifa ya ukoo huo, wenye asili ya Ujerumani, akiuita "G". Kati ya wazao 48 wa babu mmoja, 17 walikuwa wamekufa au wamefanyiwa upasuaji kwa saratani: 10 ya mfuko wa uzazi na 7 ya tumbo. Mwanamke yule alifariki mwaka 1919, kwa saratani ya mfuko wa uzazi. Alichokijua kuhusu damu yake, sayansi ilikuja kukithibitisha mwaka 2000, jeni yenye hitilafu ilipotambuliwa.

Lakini wale 7 wa tumbo wana habari nyingine. Dk. Henry Lynch wa Omaha alipoufuatilia ukoo huo na kuchapisha matokeo mwaka 1971, jamaa waliohesabiwa walizidi 650, na saratani ya tumbo ilikuwa imepungua sana katika vizazi vya karibuni. Iliyoongezeka ni ya utumbo mpana. Jeni ni ileile, watoto wameirithi kwa mama au baba zao kama zamani. Kilichobadilika ni maisha, na jiko likiwemo.

Katika karne ya 19, majira ya baridi ya Michigan yalivukwa kwa akiba: nyama ya nguruwe iliyokolezwa chumvi au kukaushwa kwa moshi, soseji, na kabichi iliyochachushwa kwa chumvi ndani ya mapipa. Kuanzia miaka ya 1930 friji za umeme zikaenea, matunda na mboga mbichi zikapatikana mwaka mzima, na saratani ya tumbo ikashuka Marekani yote. Chakula hakikuwa sababu pekee. Bakteria wa tumboni wanaochangia saratani hiyo, waliogunduliwa na Robin Warren na Barry Marshall nchini Australia mwaka 1982, nao walipungua kadiri usafi na makazi yalivyoboreka. Kwa hiyo si haki kumlaumu bibi aliyejaza mapipa yale. Alikuwa akiwavusha watoto wake wasife njaa.

Utumbo mpana nao ulipata mtetezi wake Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu 1946, kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kuwa saratani ya utumbo, iliyojaa katika wodi za Uingereza, ilikuwa nadra pale. Wagonjwa wake walikulia kwenye maharage, mtama, viazi vitamu na matoke, ndizi ambazo akina mama wa Buganda huzimenya, kuzifunga katika majani ya mgomba na kuzipika kwa mvuke mpaka zilainike. Mwaka 1971 alitoa hoja kwamba siri ni nyuzinyuzi.

Burkitt hakuwapima watu wenye jeni kama ya ukoo wa G. Hilo lilifanywa baadaye na John Burn na John Mathers wa Newcastle, Uingereza, katika jaribio la kimataifa la karibu watu 1,000 waliorithi hitilafu ya aina hiyo. Baadhi yao walikula kila siku, kwa wastani wa miaka miwili, gramu 30 za wanga usiomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, unaofanya kazi kama nyuzinyuzi, kiasi kinacholinganishwa na ndizi moja ambayo haijaiva vizuri. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa saratani nje ya utumbo mpana zilipungua kwa zaidi ya asilimia 60, hasa zile za sehemu za juu za njia ya chakula, tumbo likiwemo. Saratani ya utumbo mpana yenyewe haikupungua, kwa hiyo watu wa koo hizi bado huhitaji kuchunguzwa utumbo kwa kamera, na wanawake kufuatiliwa mfuko wa uzazi pia.

Wanga wa namna hiyo umo pia katika maharage, na huongezeka kidogo katika viazi au wali uliopikwa kisha ukaachwa upoe, yaani kiporo. Jaribio lile, hata hivyo, lilitumia unga uliopimwa kwa gramu.