Kolmanskop: Mji wa Almasi Uliogeuka Mahame

Aprili 1908, kibarua wa reli aitwaye Zacharias Lewala alikuwa akizoa mchanga uliofunika njia ya treni karibu na bandari ya Lüderitz, katika jangwa la Namib. Koleo lake likaibua kijiwe kinachong'aa. Lewala alikitambua mara moja, kwani aliwahi kufanya kazi kwenye migodi ya Kimberley, Afrika Kusini. Akakipeleka kwa mkubwa wake, Mjerumani August Stauch, naye Stauch akakimbilia kukata leseni za kutafuta madini. Stauch alitajirika mno. Lewala hakuambulia kitu.

Reli ile yenyewe ilikuwa na damu. Miaka hiyohiyo ambayo Wajerumani walikuwa wakizima vita vya Majimaji huku kwetu, kule Kusini Magharibi mwa Afrika, Namibia ya leo, walikuwa wakiwaangamiza Waherero na Wanama. Mateka walifungiwa katika kambi ya Shark Island, palepale Lüderitz, na wengi wao wakapelekwa kutandika reli hadi wakafia kazini.

Habari za almasi zilipoenea, watu walimiminika. Kwa kuwa vito vilikuwa juu juu ya mchanga, hapakuhitajika mashimo marefu: vibarua walijipanga mstari, wakatambaa kwa matumbo wakiviokota kwa mikono. Septemba 1908 serikali ya Ujerumani ikapiga marufuku mtu yeyote kuingia bila kibali katika ukanda wa pwani wenye upana wa kilomita 100 hivi, kuanzia Mto Orange kuelekea kaskazini. Kufikia 1912 jangwa hilo lilikuwa likitoa karati zipatazo milioni moja kwa mwaka, zaidi ya asilimia 10 ya almasi yote duniani.

Fedha za almasi hiyo ndizo zilizosimamisha Kolmanskop, kilomita kama 10 kutoka Lüderitz. Mahali pasipo na mti wala kisima pakaota mji wa Kijerumani wenye shule, bucha, duka la mikate, ukumbi wa dansi na wa michezo, bwawa la kuogelea na kituo cha umeme. Maji matamu yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town. Kiwanda cha barafu kiligawa vipande nyumba kwa nyumba ili nyama isiharibike kwenye joto. Hospitali ilikuwa na mtambo wa eksirei, kifaa adimu Afrika nzima wakati huo, na ulitumika pia kuwamulika vibarua walioshukiwa kumeza almasi.

Anasa hizo zilikuwa za Wajerumani wapatao 300 na watoto wao. Manamba wa Kiovambo, karibu 800, walioletwa kwa mikataba kutoka kaskazini, waliishi kwenye mabweni na kufanya kazi chini ya ulinzi mkali.

Mwaka 1915 majeshi ya Afrika Kusini yaliwang'oa Wajerumani, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia migodi ikaingia mikononi mwa kampuni ya mfanyabiashara wa madini Ernest Oppenheimer. Lakini kilichouua mji ni almasi yenyewe. Mwaka 1928 yaligunduliwa matabaka tajiri zaidi karibu na mdomo wa Mto Orange, zaidi ya kilomita 200 kusini. Kampuni ikahamishia nguvu huko, na watu wakaifuata kazi. Familia za mwisho ziliondoka Kolmanskop mwaka 1956.

Mchanga ukaingia bila kizuizi. Leo umejaa vyumbani hadi usawa wa vitasa vya milango, huku karatasi za rangi zikiendelea kubanduka ukutani. Tangu 1980 baadhi ya majengo yamekarabatiwa, na watalii hufika kutoka pande zote za dunia kupiga picha.

Almasi ya Namibia haijaisha. Sehemu kubwa sasa huchimbwa na meli kutoka chini ya bahari. Kilichopungua ni kumbukumbu. Wageni husimuliwa kwa kirefu habari za dansi na barafu, ilhali Shark Island, walikofia Waherero na Wanama, imekuwa mahali pa watalii kupiga mahema. Historia ya Kolmanskop haiwezi kusimuliwa kwa haki bila kuanza na mateka waliotandika reli ile, Lewala aliyeiona almasi, na manamba waliotambaa mchangani kuiokota.