Kipande cha Chaja

Ujumbe ulitokea saa tatu usiku, nyumbani kwa bibi, Sindeni, kwenye kioo cheusi kabla laptopu haijamaliza kuwaka. Ulisema aina ya adapta haitambuliki, betri haitachajiwa, na mashine itafanya kazi kwa kasi ndogo. Nikachomoa chaja, nikaipuliza kichwa kama tunavyopuliza kila kitu kilichogoma, nikachomeka tena. Ujumbe uleule.

Chaja yenyewe haikuwa ya kuokoteza. Ilitoka kwenye boksi moja na mashine, imekaa nami miaka minne, na ile taa yake ndogo ilikuwa inawaka kama kawaida. Kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Laptopu ilikuwa inaula huo umeme huku ikisema haimjui aliyeuleta.

Nilikuwa kijijini kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu umeme wa mto Pangani na mashamba ya mkonge ya Korogwe. Ndani ya mashine mlikuwa na sauti za wazee niliowarekodi kwa majuma mawili, na sura ya tatu ambayo msimamizi wangu aliitaka Ijumaa. Ilikuwa Jumanne. Nikajiambia kasi ndogo si hoja, unukuzi hauhitaji mbio. Nikaendelea kuandika bila betri, nikitegemea ukuta peke yake.

Saa tano kasoro dakika chache taa zikazimika, na mashine nayo ikafa papo hapo, pamoja na kurasa mbili nilizokuwa sijazihifadhi.

"Mjukuu wangu," bibi akaita kutoka chumbani, "umeme umekatika au umekwisha?"

Swali hilo mtu yeyote mwenye LUKU analielewa. Ukikatika, unasubiri. Ukikwisha, kosa ni lako.

"Umekwisha, bibi. Ni mimi nilisahau."

Nikanunua yuniti kwa simu, nikaenda na tochi kwenye mita kubonyeza tarakimu ishirini. Mita ikazikubali, nyumba ikawaka. Nilisimama pale kidogo nikiitazama. Mita ya LUKU haijui kama niliyesimama mbele yake ni mimi au jirani, wala haioni pesa. Inachojua ni kama namba hizo zimetungwa kwa ajili yake, na kama zimewahi kutumika. Ndani ya kila tokeni mna hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993, ndiyo maana tokeni ya jana haikubaliki leo mara ya pili. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Wasomaji wa Tanzania mtakumbuka mwaka huo, tulivyoletewa makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini badala ya moja, mawili ya kuiboresha mita na la tatu la umeme wenyewe. Bibi aliyaingiza yote sitini kwa mkono wake, na alikosea mara moja tu. Hilo hulisimulia kwa fahari kila akipata mgeni.

Asubuhi nilikwenda kwa binamu yangu, mwalimu, ambaye ana laptopu ya aina kama yangu. Chaja yake ni ya bandia, na yeye hafichi: aliinunua Kariakoo, juu yake maandishi ya kampuni yamechapwa kwa wino unaotoka ukikwangua kwa kucha. Nikaichomeka kwenye mashine yangu. Ikatambulika mara moja, betri ikaanza kujaa.

Hapo ndipo nilipoacha kukasirika nikaanza kushangaa. Ya kiwandani imekataliwa, ya bandia imekaribishwa. Binamu alicheka, lakini alikuwa na alama za mitihani za kuingiza, akaniachia chaja hadi saa nne tu. Saa hizo mbili, badala ya kunukuu, nilizitumia kusoma chaja na laptopu zinaongea nini.

Zamani hazikuwa zinaongea. Chaja za laptopu za miaka ya 1990 zilikuwa na nyaya mbili, chanya na hasi. Kazi ya kile kiboksi cheusi ilikuwa kuuchukua umeme wa ukutani, kwetu volti 230, na kuushusha hadi ule mdogo wa mkondo mmoja ambao mashine inauweza. Kichwa kikiingia, na volti zikilingana, basi. Kikitoka kwingine kikaingia, pia basi. Mashine haikuwa na njia ya kuuliza chochote.

Tatizo ni kwamba kichwa kilekile kinaweza kuingia kutoka kwenye chaja ya wati 65 na ya wati 130. Laptopu kubwa ikivuta wati 130 kutoka kwenye chaja ya 65, ile chaja itajizima ikiwa imetengenezwa vizuri, na itaungua ikiwa haikutengenezwa vizuri. Kwa hiyo mashine kutaka kujua uwezo wa chaja kabla ya kuanza kuvuta lilikuwa jambo la busara, na kampuni zilizoanza kuuliza zilikuwa na sababu. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye nitazilaumu.

Dell waliweka waya wa tatu. Ukitazama ndani ya kichwa cha duara cha chaja zao utaona pini nyembamba katikati, kama sindano. Pini hiyo haibebi umeme wa kuendeshea mashine. Inakwenda hadi ndani ya kiboksi, kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu iliyobuniwa na Dallas Semiconductor. Kampuni hizo mbili zote ni za Texas, na zote zilianza mwaka 1984. Dallas walikuwa wamebuni namna ya kuzungumza kwa waya mmoja tu, ukiacha ule wa hasi: waya huohuo unapeleka swali, unarudisha jibu, na kumlisha anayejibu.

Mazungumzo yenyewe yanakwenda kama hodi. Kompyuta inaushusha waya kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha inauachia. Kama kuna mtu ndani, naye anaushusha kidogo: nipo. Ndipo kompyuta inapoomba asome alichonacho. Katika chaja ya wati 65, jibu linaanza hivi: DELL00AC065195033. Lisome polepole. Jina la kampuni kwanza, halafu umeme wa chaja, wati 65, volti 19.5, ampea 3.3. Lote ni maandishi mafupi yaliyoandikwa mara moja kiwandani. Chipu haipimi chochote. Haijui kama kiboksi kimepata joto au kama kimebadilishwa matumbo yote. Inasoma cheti.

Dallas walitumia mbinu hiyohiyo kwenye vifungo vidogo vya chuma, mviringo kama betri ya saa, kila kimoja na namba yake isiyofanana na nyingine duniani. Istanbul abiria walikuwa wakivigusisha kulipia nauli ya basi tangu mwaka 1995. Kwingine ni funguo za milango, au vituo ambavyo mlinzi wa zamu hugusa kuthibitisha kwamba alipita. Chaja yangu, kumbe, iliingia katika ukoo wa vitu vya getini.

Wengine walifika hapohapo kwa njia zao. Apple, walipotoa kichwa chao cha sumaku mwaka 2006, waliweka chipu kwenye kichwa chenyewe, na ile taa ya kijani na ya machungwa inawashwa kwa amri ya kompyuta. HP nao wana pini ya katikati. Lenovo, katika kile kichwa cha mstatili, walitumia kitu rahisi kuliko vyote: kizuizi kimoja cha umeme, senti chache, ambacho ukubwa wake unaiambia mashine wati za chaja. Yangu imo miongoni mwa mashine zenye pini ya katikati. Kampuni yake haina haja ya kutajwa, maana kosa nilikuwa sijajua bado ni la nani.

Niliporudisha chaja ya binamu nilikuwa na neno moja kichwani, nalo lilitoka kwenye sauti nilizokuwa nikinukuu. Kipande.

Kampuni ya umeme ya Tanganyika, ndiyo TANESCO ya leo, iliundwa mwaka 1931, na mwaka uliofuata East African Power and Lighting ya Kenya ikachukua hisa za kuitawala. Serikali ilikuja kuzinunua 1964. Maporomoko ya Pangani yalianza kutoa umeme katika miaka hiyo ya 1930, na mteja aliyetazamwa alikuwa mkonge. Mashine za kuparua majani zilihitaji nguvu, na mashamba yalikuwa karibu. Mwaka 1964 kikaja kituo cha Hale, megawati 21, na 1995 Pangani mpya, megawati 68. Hale iko wilaya ya Korogwe. Vijiji vingi vya jirani vilisubiri hadi Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi 2007. Bibi alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu alipowasha taa yake ya kwanza ya ukutani.

Lakini wazee niliowarekodi hawakutaka kuzungumzia umeme. Kila nilipouliza umeme walinijibu kipande. Katika mashamba ya mkonge kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Ukimaliza kazi uliyopangiwa, siku yako inatiwa alama. Usipoimaliza, hakuna alama, na siku hiyo haikuwahi kuwepo, hata kama jasho lilitoka. Mshahara ulikuja kadi ikijaa. Waliotoka mbali, Kigoma, Njombe, Songea, wakaitwa manamba, kwa sababu waliandikishwa kwa namba. Kuanzia 1944 waajiri walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuwakusanya, SILABU. Kenya neno hilohilo lilikuwa na maana kali zaidi: cheti chenye alama za vidole na jina la mwajiri, ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma shingoni.

Mzee mmoja aliniambia alivyopoteza kadi yake ikiwa imebaki siku nne ijae. Mnyapara alimjua kwa sura na kwa jina la baba yake. Alimwona kila asubuhi. Akamwambia aanze upya.

Najua chaja si mtu. Hakuna mtoto aliyelala njaa kwa sababu ya pini yangu. Ila nilipokuwa kwenye gari la kwenda Korogwe na kiboksi changu kwenye mfuko wa rambo, sikuweza kuacha kuona jinsi swali lilivyohamishwa. Ulizo la kwanza lilikuwa la uwezo: unaweza kubeba wati ngapi? Hilo ni la usalama, na nimeshalikubali. Lakini jibu likaanza kwa jina la kampuni. Mwenye uwezo asiye na jina akarudishwa, na aliyenakili jina akapita hata kama ndani ni waya mwembamba na matumaini. Wanaotengeneza bandia walielewa hilo mapema. Walichohitaji kunakili kwa uaminifu ni maandishi yale tu.

Fundi wa Korogwe hakuhitaji historia yoyote. Aliweka ncha za multimita kwenye kichwa cha chaja: 19.5. "Umeme upo, dada." Akauminya waya karibu na kichwa, pale unapopindwa kila siku, akausikia ulivyolegea. "Huu wa katikati umekatika. Mwembamba huu, ndio unaanza kufa siku zote. Mashine inapiga simu, haipokelewi."

Akavuta ndoo ya plastiki iliyojaa mikia ya chaja, imekatwa kutoka kwenye chaja zilizoungua, vichwa vya kila umbo. Akachagua mmoja, akaulinganisha na wangu, akakata, akalehemu nyaya tatu, akafunga tepu nyeusi. Aliomba shilingi elfu nane, akakubali saba. Tukajaribu hapohapo. Mashine iliwaka bila kusema neno.

Nikamuuliza kuhusu chaja mpya zinazokuja, zile za kichwa kidogo cha USB-C ambacho hakina juu wala chini. Alizijua, na hakuwa na wasiwasi nazo. Huko mazungumzo ni marefu zaidi: chaja haitoi umeme hadi ihisi kuna mtu upande wa pili, kisha inataja orodha yake, volti 5, 9, 15, 20, mashine inachagua, chaja inakubali, ndipo inapandisha. Tangu 2021 utaratibu huo unaweza kufika wati 240. Tofauti kubwa ni kwamba lugha yenyewe imechapishwa, kampuni yoyote inaweza kuizungumza. Umoja wa Ulaya umezilazimisha simu kuifuata tangu Desemba 2024, na laptopu kuanzia Aprili 2026. Sheria ya Brussels haifiki Korogwe, lakini mashine zilizotumika Ulaya zinafika, kwa makontena, miaka michache baadaye.

"Zile waya ndio tatizo," fundi akasema. "Waya nao una chipu." Ni kweli. Ukitaka kuvuka wati 60, hata waya lazima ujitambulishe.

Pembeni ya meza palikuwa na kiboksi kilichoyeyuka ubavu mmoja, kikiwa bado na lebo. Nilidhani ni takataka, nikakisogeza kuelekea kwenye pipa ili nipate pa kuweka laptopu. Akakiwahi kwa mkono.

"Hiyo usitupe, dada. Imekufa, lakini kitambulisho chake bado kizima."

Nilirudi Sindeni na gari la jioni. Bibi alikuwa amepika ugali na mlenda. Nilikula, nikahakikisha mita ina yuniti, nikaketi kunukuu tena zile kurasa mbili, kuanzia pale mzee anapohesabu zile siku nne.