Kipupwe Chini ya Paa la Tembe

Mgeni wa kutoka Dar es Salaam akishuka stendi ya Dodoma usiku wa Julai na shati la mikono mifupi, hujuta kabla hajapata bajaji. Theluji haipo, ya karibu iko kileleni Kilimanjaro. Lakini mji umekaa mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto hushuka hadi karibu nyuzi 13, tena kwa upepo usiochoka. Alfajiri utawakuta waendesha bodaboda wamejifunika makoti mazito ya mitumba, yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya.

Wagogo, wenyeji wa hapa, walikuwa na koti lao: tembe.

Hii ni nyumba ndefu ya miti na udongo, fupi kwa kimo, yenye paa bapa la boriti, fito na udongo ulioshindiliwa. Mtu mrefu huingia kwa kuinama. Mabawa yake huzunguka ua ambamo ng'ombe hulala, na upepo unaovuma mbugani hupita juu ya paa bila kupata pa kushika. Ndani, ukuta mnene na moto wa jikoni hutunza joto hadi alfajiri. Wasafiri Burton na Speke walipokatiza Ugogo, nchi ya Wagogo, mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, walizikuta tembe hizo, pamoja na watemi waliodai hongo kabla msafara haujapewa ruhusa ya kupita.

Paa lile lilikuwa pia uwanja wa kuanikia. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, nayo kwa wastani haifiki hata milimita 600 kwa mwaka. Kwa hiyo mboga ya Februari ilipaswa kulika Oktoba. Majani ya mlenda yalichumwa yakiwa mengi, yakaanikwa, yakatwangwa na kuhifadhiwa. Wagogo huuita mlenda huo mkavu ilende. Kuupika ni kazi ya dakika chache: maji yachemke, magadi kidogo, unga wa mlenda unyunyizwe huku mwiko ukizunguka, kisha karanga zilizosagwa. Ugali wa uwele au mtama ukiwa tayari, chakula kimekamilika.

Nyama ilikuwa na taratibu zake. Ng'ombe alikuwa mahari, akiba na heshima, hivyo hakuchinjwa ovyo. Alichinjwa kwa sherehe au tambiko, na aliyekufa kwa ugonjwa au ukame naye hakutupwa. Minofu iliyobaki ilifunguliwa kwa kisu ikawa mikanda mirefu, ikatundikwa juani. Kwingineko, wakulima wa Ulaya walichinja nguruwe baridi ilipoanza, wakakata nyama ndogondogo, wakaitia chumvi na viungo, wakaishindilia kwenye utumbo na kuifukiza moshi: ndiyo soseji. Ugogo hapakuwa na haja ya utumbo. Hewa kavu ya kipupwe ilitosha.

Ila akiba hutoka kwenye kilichopatikana. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Ukame ukaongezeka juu ya hayo. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo huikumbuka kwa jina la Mtunya.

Baadaye tembe zenyewe zilianza kupungua. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamisha watu kutoka kwenye kaya zilizotawanyika hadi vijiji vya ujamaa, na taratibu matofali na bati vikachukua nafasi ya boriti na udongo. Bati halivuji likipigiliwa vizuri, lakini mwezi wa Julai hupoa upesi kama sufuria iliyoepuliwa, na hakuna anayepanda juu yake kuanika mboga. Mlenda ukashuka chini, kwenye mikeka na maturubai.

Soseji nayo imefika. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, wanafunzi kutoka kila mkoa wamejaa mjini, na vibanda vya chipsi huikaanga pembeni ya mayai. Mwenye kibanda lazima awe na friji, na umeme ukikatika lazima auze haraka. Katika soko la Majengo, mama muuza mlenda mkavu hupima bidhaa yake kwa kikombe kutoka kwenye kiroba kilichofunguliwa mdomo, na jioni hufunga kiroba kwa kamba na kurudi nyumbani.