Fyuzi, waya na swichi tatu za mlango: maikrowevu ilivyofika Nyamira

Leo naweka kando mambo ya programu na seva. Hapa nyumbani Nyamira watu huamini kwamba mwenye digrii ya kompyuta anaweza kutengeneza chochote chenye waya, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: fyuzi ya maikrowevu ikiungua, si unaweka tu kipande cha waya wa shaba, maisha yanaendelea? Hapana, usiweke. Lakini "usiweke" tupu haimsaidii mtu, kwa hiyo acha nieleze fyuzi hiyo ilifikaje pale.

Kiini cha maikrowevu ni kifaa cha vita. Mwaka 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot walitengeneza magnetroni ya kutoa mawimbi makali ya rada. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, Marekani, alikuwa ameshagundua kwamba chokoleti huyeyuka mfukoni ukisimama karibu na chombo hicho. (Spencer aliacha shule akiwa mtoto. Wenye digrii tutulie kidogo.) Oveni ya kwanza, Radarange ya mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha karibu mita 1.8, uzito wa kilo 340 hivi, na ilipozwa kwa maji kama injini ya lori. Ya kwanza ya nyumbani ilitolewa na Tappan mwaka 1955 kwa dola 1,295, nayo ilikuwa ya kujengewa ukutani. Kwa hiyo mtu akikuambia ya kujengewa kabatini ni mtindo wa juzi, mwambie ndiyo iliyotangulia. Ile ya kuweka juu ya meza iliyokubalika na watu wengi, ya Amana, ilikuja mwaka 1967 kwa dola 495.

Baada ya hapo watu wakaingiwa na hofu. Mawimbi yale hayaachi sumu kwenye chakula, lakini hupasha moto nyama yoyote, hata yako, na lenzi ya jicho haina damu ya kuipoza. Marekani ikapitisha sheria ya mionzi mwaka 1968, na kuanzia mwaka 1971 kila oveni mpya ililazimika kuwa na swichi mbili mlangoni, kila moja ikikata umeme kivyake mlango ukifunguliwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 likaongezwa sharti la tatu, na hili ndilo lililonifurahisha nilipolielewa: lazima kuwe na kitu kinachowachunguza wachunguzi.

Kwa kawaida hiyo ni swichi ya tatu, na haizimi oveni. Ukifungua mlango huku zile mbili zikiwa zimegandana kwa kuungua, ya tatu hugusanisha nyaya za umeme makusudi. Shoti! Fyuzi inakatika, oveni inakufa, na haiwaki tena mpaka fundi aifungue. Sisi waandishi wa programu tunaijua mbinu hii: afadhali programu ianguke papo hapo kuliko iendelee kukimbia na majibu ya uongo. Tofauti ni kwamba hapa kinachoanguka ni fyuzi, na kinacholindwa ni macho ya mtoto aliyesimama mbele ya mlango.

Sasa waya. Tabia hii ina asili yake, tusiwalaumu watu bure. Mitambo yetu ya umeme tuliirithi kwa Waingereza, na mabodi yao ya zamani yalikuwa na fyuzi za kufungwa waya upya kwa mkono. Hiyo ilikuwa kazi halali, ila kila unene wa waya ulikuwa na kipimo chake. Stima yenyewe ilikawia kufika vijijini: mpango wa serikali ulianza mwaka 1973, lakini nyumba nyingi huku zimeunganishwa baada ya mradi wa mwaka 2015. Watu wakaishika tabia ya kufunga waya, kipimo kikasahaulika njiani.

Ukiifanya tabia hiyo ndani ya maikrowevu, waya mnene haukatiki. Swichi ya tatu ndiyo inayoungua, na kuanzia siku hiyo hakuna kinachozuia oveni kuwaka mlango ukiwa wazi. Ukiitazama utadhani imepona.

Jambo lingine la kwetu ni mizigo kutoka Minnesota. Ndugu zetu wengi wako kule, na wakijenga nyumba huku hutuma vyombo vya jikoni. Oveni ya Marekani inataka volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Sisi tuna volti 240 na mizunguko 50. Transfoma ya kupunguza volti haibadilishi mizunguko. Utaliona hilo kwenye saa ya oveni: nyingi huhesabu mizunguko ya umeme, hivyo huchelewa dakika 10 kila saa moja. Transfoma kubwa ya ndani nayo hupata moto kupita kiasi. Ongeza radi za milima hii ya Kisii na Nyamira, na fyuzi ina sababu nyingi za kukatika. Chomoa plagi wingu likiwa jeusi.

Na ikiwa imejengewa kabatini? Oveni ya wati 1,000 huvuta kama wati 1,500, na zile 500 hutoka kama joto. Seremala akiziba nyuma ili kabati lipendeze, magnetroni haina pa kupumulia. Mwambie aache nafasi ambayo kitabu cha oveni kimetaja, na plagi iwe mahali mkono unafika. Kazi yako nyingine ni kitambaa na maji ya sabuni: futa kingo za mlango, na ile karatasi ya mika iliyo ukutani ndani, maana mafuta yakiganda hapo cheche huanza. Mika ikitoboka, nunua nyingine, ikate, ibadilishe. Hiyo haihitaji kufungua mfuniko wa nje.

Mfuniko wa nje usiuguse. Ndani kuna kapasita inayobeba volti elfu kadhaa, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Mwachie fundi mwenye mita, umwambie apime swichi zote tatu kabla ya kuweka fyuzi ya ampea zile zile. Akikuonyesha waya, chukua oveni yako urudi nayo nyumbani. Jirani yangu alifanya hivyo, na siku hizi anahifadhia mkate humo. Panya wameshindwa kabisa.