Konserto ya Elgar na Saa za Mazoezi, 1919

Konserto ya sello ya Edward Elgar, yaani utungo ambamo ala moja hushika usemi na okestra nzima ikaujibu na kuubeba, ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 1919 katika ukumbi wa Queen's Hall jijini London, na haikufua dafu. Kasoro haikuwa katika utungo, bali katika mgawanyo wa saa za mazoezi, jambo ambalo hadhira hailioni ingawa ndilo huamua itakachosikia.

London Symphony Orchestra, iliyoundwa mwaka 1904 na wanamuziki waliotaka kujitawala, ilikuwa ikifungua msimu wake wa kwanza baada ya Vita Kuu ya Kwanza chini ya Albert Coates. Elgar alikuwa kiongozi mwalikwa, aliyekuja kuongoza utungo wake tu, huku Coates akisimamia sehemu nyingine zote, zikiwemo kazi za Borodin na Scriabin. Na katika mazoezi Coates aliendelea na vipande vyake hadi akala muda wa mgeni. Alice, mke wa Elgar, alighadhibika, na Elgar angeiondoa konserto kama si kwa ajili ya Felix Salmond, mpigaji sello aliyekuwa amejiandaa kwa bidii kubwa.

Dhuluma hiyo iliuumiza utungo huu kuliko ambavyo ingeuumiza mwingine. Sauti ya sello, iliyo karibu na sauti nzito ya mwanamume, humezwa upesi na okestra iliyojaa, kwa hiyo Elgar, aliyeutunga katika nyumba ya mashambani ya Brinkwells, Sussex, aliwapa wapigaji wengine maneno machache na mapengo mengi, na uandishi mwepesi wa namna hiyo hauna pa kufichia mtu aliyechelewa kuingia. Mhakiki Ernest Newman aliisifu konserto, akailaumu vikali okestra.

Miongoni mwa wapiga sello wa okestra usiku ule alikuwamo John Barbirolli, kijana wa miaka 19, ambaye mwaka 1921 aliipiga konserto hiyo kama mpigaji pekee mjini Bournemouth. Mwaka 1965, akiwa sasa kiongozi, aliirekodi na okestra ileile pamoja na Jacqueline du Pré, mwenye miaka 20, na ni rekodi hiyo iliyoufikisha utungo kwa wasikilizaji wengi kuliko nyingine yoyote.