Oili na Uchakavu wa Sili katika Injini ya Wankel

Injini ya Wankel haina pistoni wala vali. Ndani yake rota yenye pembe tatu huzunguka katika chumba kilichobanwa kiunoni, na kila ncha ya rota hubeba sili: kipande chembamba cha chuma kinachosukumwa na springi na gesi kikandamize ukuta. Katika injini nyingi za Mazda tangu katikati ya miaka ya 1980 unene wake ni milimita 2 tu. Kazi yake ni ile ya ringi za pistoni, ila mazingira ni magumu zaidi. Ringi hupata oili inayorushwa kutoka chini ya silinda. Sili ya ncha ina gesi pande zote mbili, na oili isipopelekwa makusudi haiifikii.

Kampuni ya NSU ya Ujerumani, iliyowasha injini ya kwanza ya aina hii mwaka 1957, iliumizwa sana na sili hizo. Gari lake la Ro 80 la mwaka 1967 lilisifiwa kila mahali, lakini sili zilichakaa mapema na injini zikabadilishwa kwa dhamana. Husimuliwa kuwa wenye Ro 80 walipopishana barabarani walioneshana vidole, kila kidole injini moja iliyokwisha kubadilishwa. Huko Hiroshima, kikosi cha Kenichi Yamamoto wa Mazda kilikuta mikwaruzo kama mawimbi kwenye ukuta wa kromu, wakaiita makucha ya shetani. Chanzo hakikuwa ukavu. Sili zilikuwa zikitetemeka, na dawa ikawa kubadili sili zenyewe. Cosmo Sport ya mwaka 1967 ilitoka na sili za kaboni iliyochanganywa na alumini. Anayetafuta oili ya kuponya kila ugonjwa wa injini hii aikumbuke habari hiyo.

Katika magari ya Mazda pampu ndogo huchota oili kwenye sampu na kuipeleka kidogo kidogo kwenye kabureta au, katika miundo ya baadaye, moja kwa moja chumbani. RX-8 ilianza na vipulizio viwili kwa kila rota. Toleo la mwaka 2009 likaongezewa cha tatu. Basi injini hii hula oili kwa mpango. Fundi aliyezoea injini za pistoni hushtuka akiona dipstiki inashuka, ilhali cha kutia wasiwasi hapa ni dipstiki isiyoshuka kabisa: huenda pampu imekufa.

Ugumu wa kuchagua unatokana na oili moja kupewa kazi zinazogombana. Katika sampu inapaswa kustahimili joto, kwa kuwa ndiyo inayopoza rota kwa ndani na kubeba beringi za shafti. Ikifika chumbani inapaswa kuungua bila kuacha kitu. Oili ya kawaida ya magari ina viongezeo vya kusafishia vyenye kalisiamu, na vikiungua huacha majivu yanayoganda kwenye mifereji ya sili hadi sili ikakwama. Ubishi wa miaka mingi kuhusu oili ya madini na ya sintetiki una maana ndogo kuliko kiasi hicho cha majivu. Namba za mnato nazo, 5W-20 au 10W-40, zinahusu beringi zaidi kuliko sili.

Ndiyo maana wamiliki wengi huchanganya oili ya injini za tu-stroki kwenye petroli, kwa kuwa hiyo ilitengenezwa ili iungue. Kipimo kilichozoeleka, pampu ikiwa bado inafanya kazi, ni mililita 4 hivi kwa lita: tangi la lita 50 hupata mililita 200. Pampu ikiwa imeondolewa, kipimo hicho huongezwa maradufu au zaidi. Daraja la TC-W3, linalotumiwa na wavuvi kwenye mashine za boti, halina viongezeo vya kuacha majivu, ila limekusudiwa injini zinazopozwa kwa maji ya bahari au ziwa, zisizopata moto sana. Daraja la JASO FD huruhusu majivu kidogo tu na husafisha vizuri kwenye joto kali. Kwa gari linaloshinda kwenye foleni za mjini, hiyo ndiyo bora. Kuzidisha ni hasara: plagi huchafuka na katalisti huziba.

Yapo yasiyotibiwa na oili yoyote. Gari likiwashwa, likasogezwa hatua chache na kuzimwa kabla ya kupata moto, petroli isiyoungua huosha utando wa oili ukutani. Petroli ikilipuka kabla ya wakati wake huvunja sili papo hapo. Hali ya sili hupimwa kwa kompresheni, lakini geji ya kawaida huonesha pande zote tatu za rota kwa mkupuo na kubakiza namba ya upande wenye nguvu kuliko mingine. Mnunuzi wa RX-8 aliyeoneshwa namba moja kwa kila rota bado hajapimiwa kitu.